Akiba ya Bosi Shaban

Akiba huoza. Waliosema haiozi hawakuwahi kumkabidhi Bosi Shaban flashi.

Kama toleo lililopita lilikupita, au lilikufikia likiwa limeshafungia maandazi, sogea nikuweke sawa. Mimi ni Atuganile, karani wa barua katika kampuni ya Bosi Shaban ya kutoa mizigo forodhani, hapa Tunduma. Kaka yangu Hezron, dereva wa malori, yuko mahabusu. Kontena alilolivuta kutoka Dar lilifunguliwa mpakani, likakutwa na katoni za vipuri pungufu. Sili nayo, ile kufuli ya bati yenye namba, haikuwa ile iliyoandikwa kwenye karatasi. Wanasema aliikata njiani, akauza vipuri, akapachika nyingine.

Uongo mtupu. Wenye mzigo walifungua kontena wenyewe kule Dar, wakatoa katoni zao, wakafunga sili mpya, wakatuandikia barua pepe kutuarifu. Niliisoma kwa macho haya. Nikampigia Hezron simu nikamwambia, "Kaka, tembea, wamesharekebisha." Leo wenye mzigo wanakana kuandika hata nukta.

Na kompyuta iliyotunza barua hiyo imekufa, haina hata dalili ya kufufuka.

Ndipo nikachomeka flashi ya akiba kwenye kompyuta yangu mpakato, mbele ya Afande Gasper, mpelelezi wa kesi, na mbele ya Bosi Shaban aliyekuwa anapiga miayo. Nikabofya. Badala ya barua, ukatoka wimbo.

Gitaa la Kizambia, msomaji wangu. Na mwanamke anasifia kiuno chake.

"Hii ndiyo barua yenyewe?" aliuliza Afande Gasper.

"Subiri, Afande."

Nikabofya kitu cha pili. Kiuno kilekile, sasa na ngoma.

"Wenye mzigo wana sauti nzuri," alisema Afande. Hakucheka. Alisimama, akavaa kofia yake. "Binti, gari la kwenda mahakamani Vwawa linaondoka baada ya chakula cha mchana. Kaka yako ana kiti humo. Ukiniletea barua kabla halijawashwa, nitamshusha. Usipoleta, mletee sweta. Vwawa kuna baridi."

Akatoka.

Nikamgeukia Bosi. Alikuwa ameacha kupiga miayo.

Utauliza kwa nini barua haikubaki kule mtandaoni ilikotoka. Muulize yeye. Sanduku letu la barua pepe lilikuwa dogo kama kiberiti, kila mara linajaa, wateja wanarudishiwa barua zao kana kwamba tumehama nchi. Nikamwambia tulipie nafasi zaidi. Akasema, "Barua za hewani zinajaza nini? Zina uzito gani?" Basi ikabidi kompyuta ya ofisi izivute barua zote na kuzifuta kule zilikotoka. Zikawa zinaishi mahali pamoja tu, kama kuku wote kwenye banda moja lisilo na mlango. Kwa hiyo kila Ijumaa nilizinakili zote kwenye flashi, faili moja zito, nikampa Bosi aifungie kwenye droo yake.

"Bosi," nikasema, "flashi hii ilitoka lini kwenye droo?"

"Haijatoka."

"Huyu mama anayeimba aliingiaje? Kwa tundu la ufunguo?"

Bosi Shaban alijifuta jasho. Asubuhi ya Tunduma yenye ubaridi, na mtu anajifuta jasho!

"Nilikuwa nasafiri kwenda msibani," alisema. "Nikataka kaswida za kusikiliza garini. Nikampa Brayan aniwekee kaswida."

"Ukampa akiba ya kampuni?"

"Niliona flashi! Mimi najuaje ndani kuna nini? Flashi zote zina sura moja! Na wala hakuniwekea kaswida, huyu mwanaharamu, kaniwekea viuno. Nimefika msibani, nafungua mlango wa gari, waombolezaji wote wakageuka!"

Sikungoja asimulie msiba. Nilikwapua kompyuta yangu, nikadaka bodaboda.

*

Brayan mumjue. Ana kibanda karibu kabisa na mpaka, spika mbili nje zinazogombana. Kazi yake ni kujaza nyimbo na filamu kwenye flashi za madereva. Mtu anayekwenda Ndola au Lubumbashi anaweza kukaa foleni mpaka ndevu ziote, kwa hiyo dereva asiyepitia kwa Brayan ni dereva mwenye mawazo mengi.

"Dada Atu!" alinipokea. "Leo tukuwekee nini? Singeli? Mahubiri?"

"Flashi ya Bosi Shaban. Ulifanya nini na vilivyokuwamo?"

"Ile? Ilikuwa imejaa. Kulikuwa na lifaili moja kubwa kama gunia la kahawa. Nikaifomati."

Nilishika kaunta. Si kwa hasira. Machozi yalikuwa yananitoka.

"Brayan, kaka yangu anakwenda jela kwa sababu ya hilo lifaili."

Akazima spika moja. Kwa Brayan, hiyo ni heshima ya mazishi.

"Pole, dada'angu. Lakini mbona unalia kabla hujaniuliza vizuri? Mimi sifuti kitu cha mtu kabla sijanakili."

"Unasema?"

"Kila flashi inayoingia hapa, kwanza navuta vyote vilivyomo kwenye mashine yangu. Unadhani nyimbo mpya nazipata wapi? Dereva anatoka Kitwe na nyimbo za Kitwe, nazivuta. Mchungaji anatoka Mlowo na mahubiri, nayavuta. Hata harusi. Nina harusi za watu humu ambazo wenyewe wameshaachana."

Jamani, nilitamani kumbusu na kumpeleka polisi kwa wakati mmoja. Huyu kijana anaiba mali ya kila mteja anayemwamini. Na wizi wake ndiyo akiba pekee iliyosalia mkoa mzima wa Songwe!

"Nipe basi! Nipe haraka!"

Akafungua mashine. Akatafuta. Akajikuna kisogo.

"Dada Atu, kuna tatizo dogo."

"Dogo kiasi gani?"

"Nilishalifuta. Malalamiko yalizidi."

"Malalamiko ya nani?"

"Ya wateja." Akatazama chini. "Lile faili liliitwa BARUA ZOTE. Nikajua ni filamu ya mapenzi. Jina zuri, halafu zito, nikasema hii lazima iwe ndefu, ina sehemu ya pili ndani yake. Nikaiuza. Kwangu ilikataa kucheza, nikadhani mashine yangu ya zamani. Wakarudi kulalamika inakataa na kwao. Nikaifuta."

Msomaji, pumzika kidogo hapo. Ankara za wateja wetu, mahesabu ya Bosi, ugomvi wetu na mawakala wenzetu, vyote vimeuzwa kama filamu ya mapenzi kwa madereva wa masafa marefu. Na mwananchi mmoja huko Zambia alijilaza kitandani, akatupia karanga mdomoni, akangoja tubusiane.

"Uliwauzia nani?"

"Mmoja ameshafika Kongo. Mwingine simjui jina, namjua kwa meno. Wa tatu Lusubilo, yule wa Mlowo, mwenye lori la mbolea." Akachungulia barabarani. "Yumo kwenye foleni. Anavuka leo."

"Foleni iko wapi?"

"Ilikuwa imesimama." Akatega sikio. Injini zilikuwa zinanguruma moja baada ya nyingine. "Sasa inatembea."

*

Nilikimbia. Kama hujawahi kukimbia katikati ya malori mawili yanayosogea, na gauni la kazini, na kompyuta kifuani kama mtoto mchanga, usinifundishe riadha. Wauza mahindi ya kuchoma walinipisha. Wabadilisha fedha waliniita wakidhani nina shida ya kwacha. Dereva mmoja alipiga honi akasema, "Mchumba, mbona haraka, nipo!" Nikamwambia abaki hapohapo na mke wake asije akampoteza.

Lori la mbolea lilikuwa limebakiza mawili mbele yake kufika getini.

Nikaparamia ngazi ya mlango, nikagonga kioo kwa viganja.

"Mulishani, ba sista!" Lusubilo alinisalimu kwa Kibemba huku akishusha kioo, uso mweupe kwa unga wa mihogo aliyokuwa anatafuna. "Unataka lifti mpaka Lusaka?"

"Kaka Lusubilo, mimi mdogo wake Hezron. Nataka flashi uliyonunua kwa Brayan. Yenye BARUA ZOTE."

Uso ukabadilika papo hapo.

"Ahaa! Kumbe wewe ndiye mwenye ile filamu? Nimekutafuta! Nimeichomeka Kapiri, huko Zambia, haichezi. Nimeichomeka kwa shemeji yangu mwenye televisheni ya ukutani, haichezi. Nimeita watu, wanawake wamevaa khanga mpya, wamekaa chini, haichezi! Nimeaibika!"

"Si filamu, kaka. Ni barua za ofisi."

"Za ofisi?" Alinitazama kama niliyemtukania ukoo. "Yaani hakuna hata mtu mmoja anayependana na mwenzake mle ndani?"

"Hakuna. Kuna vipuri tu. Na barua ya kumtoa Hezron mahabusu. Gari la Vwawa linaondoka mchana huu."

Lori la mbele likasogea. Nyuma yetu honi zikaanza kwaya.

"Hezron," alisema Lusubilo polepole. "Niliharibikiwa kule mlimani, mvua inanyesha, kila mtu ananipita. Yeye akasimama." Akachomoa flashi kwenye redio. "Filamu nyingine zilizomo humo ni nzuri, usizifute. Chukua. Mwambie Hezron ameniharibia safari, nakwenda Lusaka kimya kama mbeba jeneza."

Nikanyoosha mikono. Na mkono mwingine ukaniwahi.

Bosi Shaban! Alikuwa amesimama chini ya ngazi, anahema, bodaboda yake bado inawaka nyuma yake. Alikuwa ameirukia flashi kama kipanga anayeona kifaranga.

"Vizuri sana, mwanangu," alisema huku akiitia mfuko wa kanzu. "Umefanya kazi. Sasa nipe mimi nikaihifadhi."

"Uihifadhi wapi, Bosi? Msibani?"

"Atuganile, usinivunjie heshima mbele ya watu. Humu kuna mambo ya kampuni. Tutakwenda ofisini, tutafungua taratibu, mimi na wewe, tutatoa hiyo barua moja, na nyingine tutazipumzisha."

"Kuzipumzisha ni kuzifuta?"

Aliushika mfuko wa kanzu. Alinitazama tu, na kwa mara ya kwanza toka niajiriwe sikumwona Bosi mzembe anayesahau miwani usoni mwake. Niliona mtu anayeogopa.

Kwa nini mtu aogope barua zake mwenyewe?

Sikupata nafasi ya kuuliza. Mlango wa lori ulifunguka na Lusubilo akateremka, na Lusubilo akiteremka, msomaji, kuteremka kwenyewe kunachukua muda, maana ni mrefu.

"Mzee," alisema kwa upole, "hiyo flashi nimeinunua mimi kwa pesa yangu. Nimempa huyu binti. Wewe nani amekupa?"

Bosi alitazama kushoto. Akatazama kulia. Madereva walikuwa wameshuka, wamejaa, na hakuna watu wanaopenda ugomvi kama madereva walio foleni. Akaitoa flashi mfukoni kama anayetoa jino.

*

Gari la Vwawa lilikuwa limeshafunguliwa milango.

Hezron alikuwa amesimama kwenye mstari na wenzake, ndevu zimemvamia, ndala za kuazima miguuni. Aliponiona akainua kidevu. Sisi watu wa Ruanda, kijiji chetu hukuhuku Songwe, hatukumbatiani hovyo. Kidevu kinatosha.

Afande Gasper alikuwa anamalizia wali wake.

"Umeleta barua au sweta?"

"Barua."

Niliweka kompyuta mezani kwake, nikachomeka flashi, nikaliita lile faili kwa programu yake sahihi. Likafunguka. Mistari ikashuka kwenye kioo kama mvua ya masika, barua baada ya barua. Nikaandika jina la wenye mzigo. Nikaiona.

Ilikuwa pale. Anuani yao, tarehe ya kabla Hezron hajawasha gari, namba ya sili mpya, na maneno yenyewe: *Tumetoa katoni zetu, tumefunga upya, dereva aendelee.*

"Nichapie," alisema Afande. Kisha akafikiri, akaweka kijiko chini. "Hapana. Karatasi hata mwanangu wa darasa la tano anachapa. Nataka faili lote. Mtaalamu wetu alipekue aone barua imetoka wapi kweli. Unanikabidhi?"

Bosi Shaban, aliyekuwa ameniganda mgongoni kama kupe, akaniinamia sikioni.

"Atu, mwanangu. Sema hapana. Mpe hiyo moja. Ukimpa zote, hakuna atakayesalimika pale ofisini. Nakuapia, hata wewe."

"Mimi? Mimi nina nini humo?"

"Sema hapana tu."

Nje, askari alikuwa anawahesabu mahabusu wakipanda. Hezron alikuwa ameshaweka mguu mmoja garini.

Nilichomoa flashi, nikaiweka kiganjani mwa Afande Gasper, nikakikunja kiganja chake kwa mkono wangu.

"Zote," nikasema. "Mpaka matangazo."

Bosi Shaban akakaa kwenye benchi bila kuangalia kama kuna benchi. Lilikuwapo, bahati yake.

Afande akachomeka flashi kwenye kompyuta yake, akanyanyua simu, akampigia karani wa wenye mzigo kule Dar, bwana mmoja aitwaye Wiliam, akaweka sauti ya nje.

"Ndugu Wiliam, nimeshika barua yako ya sili mpya. Nikusomee?" Akamsomea yote, mpaka salamu za mwisho.

  Wiliam akaangua kilio cha mtu mzima.

"Afande, nisamehe! Ni kweli niliandika! Lakini si akili yangu, nilielekezwa nikane!"

"Na nani?"

"Na hukohuko kwao! Nilitumiwa imeili kwamba nikiulizwa niseme sijaandika kitu, dereva watamalizana naye wenyewe!"

"Imeili ya nani?"

"Ya yule dada. Karani wao. Atuganile."

Msomaji, nilisikia jina langu likidondoka kwenye ile simu kama sahani ya udongo.

 Afande Gasper alivuta kompyuta upande wake, akafungua sehemu ya barua zilizotumwa, akateremka nazo kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayetafuta kiroboto. Kidole kikasimama.

Akanigeuzia kioo.

Anuani yangu. Sahihi yangu ya chini, na ile nukuu ya Zaburi ninayoiweka. *Ndugu Wiliam, ukiulizwa, kana. Dereva tutamalizana naye.* Ilitumwa Jumapili. Na mimi mwenyewe Ijumaa iliyofuata nikainakili bila kuiona, kwa mikono yangu, nikaihifadhi vizuri kabisa.

"Sikuandika hii," nikasema. "Jumapili hiyo nilikuwa Ruanda, kanisani. Kwaya nzima ni mashahidi."

"Barua pepe hupangwa itoke yenyewe hata mwenyewe akiwa anaimba," alisema Afande. "Wanangu wamenifundisha. Nani mwingine anajua nywila yako?"

 Nywila yangu Bosi aliniamuru niiandike kwenye karatasi, niibandike kwenye kioo cha kompyuta, ili nikiugua kazi isilale. Anaijua kila aliyewahi kuingia ofisini kwetu kunywa maji.

"Mshusheni Hezron," Afande aliwaambia askari dirishani. "Kesi yake imegeuka."

Hezron akashuka. Aliingia ofisini anacheka, mikono imefunguka, safari hii kidevu hakikumtosha. Kisha akaona kioo. Akasoma. Ana tabia ya kusoma kwa midomo, na niliiona midomo yake ikifika kwenye jina langu.

Kicheko kikakatika.

"Dada?"

"Kaka, si mimi."

  Alirudi nyuma hatua moja, na hatua ile iliniuma kuliko pingu ambazo Afande Gasper alikuwa amezitoa mfukoni, anazifungua polepole.

Ndipo Bosi Shaban akainuka kwenye benchi. Sauti yake ilikuwa laini, ya mtu anayefariji wafiwa.

"Nilikukataza, mwanangu. Ungetoa moja tu. Sasa piga magoti, omba radhi kwa kaka yako, omba radhi kwa kampuni, mbele ya Afande, na mimi nitakutafutia wakili mzuri. Sema umeteleza. Neno moja tu, yaishe."

Nikamtazama. Nilikuwa sijasema kwa mtu yeyote mle ndani kwamba barua ile ya Jumapili ipo, maana mimi mwenyewe sikuijua. Wiliam ndiye aliyeitaja. Lakini Bosi alinionya habari zake kabla simu haijapigwa.

Afande Gasper naye alikuwa anamtazama Bosi. Pingu zilikuwa zimeshafunguka mkononi mwake, na sikujua zinamngoja nani.

"Haya, binti," alisema bila kuniangalia. "Mzee anakusubiri. Unaomba radhi?"

"Siombi."